Hisa zinapopanda kwa muda mrefu: mwekezaji mdogo ajipange vipi kabla soko halijageuka?

Masoko ya hisa ya Afrika Mashariki yamekuwa na kipindi cha neema. Katika Soko la Hisa la Nairobi, NSE, kiashiria cha hisa zote kilipanda kwa takriban asilimia 34 mwaka 2024, na mwaka 2025 kikaendelea kupanda. Kwa kuwa kiashiria kikuu cha Soko la Hisa la Uganda, USE, hujumuisha pia kampuni za Kenya zilizosajiliwa Kampala, zikiwemo KCB, Equity na EABL, neema hiyo imeonekana pia katika takwimu za hapa nyumbani.

Kwa mwalimu, askari, mfanyabiashara wa mpakani au kikundi cha akiba kilichonunua hisa miaka kadhaa iliyopita, swali sasa limebadilika. Zamani liliulizwa: ninunue nini? Leo linaulizwa: nifanye nini na hisa nilizo nazo? Niuze zote kabla hazijashuka, au niongeze nyingine wakati bei bado zinapanda?

Makala haya yanaeleza kwa nini majibu hayo mawili yote yana hatari, na jinsi mwenye akiba ndogo anavyoweza kujilinda bila kulazimika kuagua siku ambayo soko litageuka.

Upandaji huu umetoka wapi?

Bei ya hisa hupanda kwa sababu mbili kuu. Ya kwanza ni faida ya kampuni: ikiongezeka, sehemu ya kila mwenye hisa huongezeka pia. Ya pili ni kiasi ambacho wanunuzi wako tayari kulipa kwa faida ileile. Sababu hii ya pili hutegemea sana riba.

Mfano wa Kenya unaonesha jambo hilo waziwazi. Katikati ya mwaka 2024, dhamana za serikali ya Kenya za siku 91 zilikuwa zikilipa riba ya karibu asilimia 16 kwa mwaka. Mtu angepata kiasi hicho bila kubahatisha, angekuwa na sababu gani ya kuhangaika na hisa? Kufikia katikati ya mwaka 2025, riba hiyo ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 9. Fedha zilizokuwa zimetulia katika dhamana zikaanza kutafuta makao mengine, na nyingine zikaingia katika hisa. Wakati huohuo shilingi ya Kenya, iliyokuwa imefikia takriban 160 kwa dola moja mwezi Januari 2024, iliimarika hadi karibu 129, na wawekezaji wa kigeni wakapata moyo.

Hisa za Safaricom ni kielelezo kizuri. Mwaka 2021 bei yake ilivuka shilingi 40 za Kenya. Mwezi Oktoba 2023 ilikuwa chini ya 13. Kufikia 2025 ilikuwa imepanda zaidi ya maradufu kutoka kiwango hicho cha chini. Katika muda wote huo, kampuni iliendelea kuuza huduma zilezile kwa mamilioni ya wateja walewale. Kilichoyumba zaidi ni bei ambayo watu walikuwa tayari kulipa.

Nairobi iliyopitia njia hii, 2003 hadi 2009

Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake ya soko lililopanda kwa muda mrefu kisha likaanguka. Mwishoni mwa mwaka 2002, kiashiria cha hisa 20 cha Nairobi kilikuwa chini ya 1,500. Baada ya mabadiliko ya serikali nchini Kenya, uchumi ulifufuka na bei zikaanza safari ndefu. Mwezi Januari 2007 kiashiria hicho kilivuka 6,000.

Njiani, serikali ya Kenya iliuza sehemu ya hisa zake katika kampuni ya kuzalisha umeme, KenGen. Hisa moja iliuzwa kwa shilingi 11.90, na ilipoingia sokoni mwezi Mei 2006, bei yake ilipanda zaidi ya maradufu mara moja. Watu waliokuwa hawajawahi kumiliki hisa waliona majirani zao wakipata faida kubwa kwa wiki chache. Somo walilojifunza lilikuwa rahisi mno: hisa mpya zikitangazwa, kopa ununue.

Ndipo ikaja Safaricom. Mwaka 2008 serikali iliuza hisa bilioni 10, yaani robo ya kampuni hiyo, kwa shilingi 5 kila moja. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo kwa mbali sana, hata wananchi wa kawaida wakapewa takriban sehemu moja kati ya tano ya walichoomba. Hapo ndipo mkopo ulipogeuka mzigo. Tuseme mtu alikopa shilingi 100,000 benki ili anunue hisa. Alipata hisa za karibu 20,000, fedha zilizobaki akazisubiri zirudishwe, na riba ya benki ikahesabiwa juu ya mkopo mzima.

Hisa za Safaricom zilianza kuuzwa sokoni tarehe 9 Juni 2008 na siku hiyo zikapita shilingi 7. Baada ya miezi michache zilikuwa chini ya 5, na mapema mwaka 2009 zikashuka chini ya 3. Kiashiria cha hisa 20 nacho kilikuwa chini ya 2,500 mwezi Februari 2009, anguko la takriban asilimia 60 kutoka kileleni. Vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 na msukosuko wa fedha duniani wa mwaka 2008 vilichangia.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia katika historia hiyo. Kwanza, aliyenunua hisa za Safaricom kwa fedha zake mwenyewe na kuzihifadhi kwa miaka mingi alipata faida nzuri pamoja na magawio. Aliyenunua hisa hizohizo kwa mkopo, au kwa karo ya muhula uliofuata, alilazimika kuuza zikiwa chini ya bei aliyonunulia. Hisa zilikuwa zilezile. Kilichowatenganisha ni aina ya fedha waliyoingia nayo. Pili, kiashiria cha hisa 20, ambacho hakihesabu magawio, kilikuwa hakijarejea kilele cha Januari 2007 hata ulipomalizika mwaka 2025. Wanaosema kwamba soko likishuka hurudi tu baada ya muda mfupi, hawasemi kweli yote.

Kilele hakitangazwi

Je, si afadhali basi kuuza kila kitu mara tu bei zinapoonekana kuwa za juu? Tatizo ni kwamba bei zinaweza kuonekana za juu kwa miaka mingi. Aliyeuza hisa zake zote za Nairobi mwaka 2004, akiona kiashiria kimekwisha kupanda maradufu, alikosa miaka miwili minono iliyofuata.

Hata wajuzi wakubwa hukosea hapo. Mwezi Desemba 1996, Alan Greenspan, aliyekuwa mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani, alidokeza hadharani kwamba huenda shauku ya wanunuzi wa hisa ilikuwa imepita kiasi. Soko la Marekani liliendelea kupanda kwa zaidi ya miaka mitatu baada ya hotuba hiyo. Kisha, mwezi Machi 2000, hisa za kampuni za teknolojia zikaanza kuporomoka. Kiashiria cha Nasdaq kilipoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake kufikia Oktoba 2002, na hakikurejea kilele chake cha zamani mpaka mwaka 2015.

Onyo la Greenspan halikuwa la upuuzi, lakini halikumsaidia mtu kuchagua siku ya kuuza. Ikiwa yeye, akiwa na takwimu zote mezani, hakuweza kuitaja siku, mwenye hisa za milioni mbili hana sababu ya kujibebesha kazi hiyo. Kazi yake ni nyingine, nayo ni nyepesi zaidi: kuhakikisha kwamba siku hiyo ikifika, haitamlazimisha kuuza.

Mkoba hubadilika wenyewe

Mkoba wa uwekezaji ni jumla ya vitega uchumi vya mtu: hisa, hatifungani za serikali, vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, na akiba ya benki. Soko linapopanda kwa muda mrefu, mkoba huo hubadilika bila mwenyewe kufanya lolote.

Tuchukue mfano. Mtu anaanza na shilingi milioni 20 za Uganda. Milioni 10 anaziweka katika hisa, na milioni 10 katika hatifungani ambazo riba yake anaitumia nyumbani. Baada ya miaka kadhaa hisa zake zimepanda maradufu. Sasa ana milioni 30, na milioni 20 kati ya hizo ziko katika hisa. Alipanga nusu kwa nusu. Leo theluthi mbili ya mali yake inategemea soko la hisa. Hajafanya uamuzi wowote, lakini amekuwa mtu mwenye kubeba hatari kubwa kuliko aliyokubali mwanzoni.

Hisa zikishuka kwa asilimia 40, atapoteza milioni 8 na kubaki na milioni 22. Lau kabla ya hapo angeuza hisa za milioni 5 na kununua hatifungani, ili kila upande uwe na milioni 15, angepoteza milioni 6 na kubaki na milioni 24.

Kusawazisha mkoba namna hiyo kuna gharama yake. Hisa zikiendelea kupanda kwa asilimia 30 zaidi, asiyesawazisha atafikisha milioni 36, na aliyesawazisha milioni 34 na nusu. Tofauti hiyo ya milioni moja na nusu ndiyo bei ya ulinzi. Kila mtu ana haki ya kuamua kama atailipa au la, ilimradi ajue kwamba anaamua.

Ni vyema pia kukumbuka hesabu ya hasara. Kilichoshuka kwa asilimia 50 hakirudi mahali pake kwa kupanda asilimia 50. Kinahitaji kupanda kwa asilimia 100. Kilichoshuka kwa asilimia 40 kinahitaji kupanda kwa karibu 67.

Fedha zenye tarehe

Njia rahisi ya kupanga mkoba ni kuuliza kila fungu la fedha: utahitajika lini? Karo ya chuo inayolipwa mwezi Agosti ina tarehe. Malipo ya mwisho ya kiwanja yana tarehe. Mtu anayestaafu baada ya miaka miwili naye ana tarehe. Fedha za namna hiyo hazina nafasi ya kusubiri soko lifufuke, na kipindi cha bei nzuri ndicho wakati wa kuzitoa katika hisa kwa utulivu.

Fedha zinazohitajika ndani ya mwaka mmoja zinaweza kukaa katika dhamana za serikali za siku 91, 182 au 364, ambazo nchini Uganda huanzia shilingi 100,000 na hununuliwa kupitia benki. Zinazohitajika baada ya miaka miwili au mitatu zinaweza kuwekwa katika hatifungani zinazoiva karibu na tarehe yenyewe. Msomaji akumbuke kwamba riba ya hatifungani za serikali ya Uganda hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 20, au asilimia 10 kwa zile za miaka kumi na zaidi. Zinazobaki, ambazo hazitaguswa kwa miaka mitano, saba au kumi, ndizo zenye uwezo wa kuvumilia mawimbi ya hisa.

Mlango wa kutokea ni mwembamba

Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu hisa umeandikwa kwa ajili ya masoko makubwa, ambako mtu huuza kwa sekunde. Soko la Kampala, lililoanza biashara mwaka 1998, lina kampuni chache na ukwasi mdogo. MTN Uganda ilipouza hisa kwa umma mwaka 2021 kwa shilingi 200 kila moja, ilikusudia kuuza asilimia 20 ya kampuni, ikauza takriban 13. Airtel Uganda mwaka 2023, kwa shilingi 100, nayo ilikusudia 20 ikauza takriban 11. Ikiwa hisa za kampuni mbili zinazojulikana katika kila kijiji hazikupata wanunuzi wa kutosha, basi anayetaka kuuza hisa nyingi siku ya hofu asitarajie kumpata mnunuzi kwa urahisi. Hisa za kampuni za Kenya zilizosajiliwa Kampala zenyewe hubadilishana mikono kwa nadra.

Wakati mwingine mlango hufungwa kabisa. Biashara ya hisa za Kenya Airways, zilizosajiliwa pia Kampala, ilisimamishwa mwezi Julai 2020, ikarejea Januari 2025. Kwa miaka minne na nusu mwenye hisa hizo hakuweza kuziuza sokoni kwa bei yoyote. Duka la Uchumi, lililosajili hisa zake Kampala pia, lilifunga matawi yake ya Uganda mwaka 2015. Na Umeme, iliyowapa wengi magawio kwa miaka, ilifikia mwisho wa mkataba wake wa kusambaza umeme tarehe 31 Machi 2025. Mifano hii mitatu haikusababishwa na kushuka kwa soko zima. Inakumbusha kwamba mwenye hisa za kampuni moja hubeba hatari ya kampuni hiyo hata soko likiwa linachanua.

Kwa sababu ya wembamba huo, anayetaka kupunguza hisa afanye hivyo kidogo kidogo wakati wanunuzi wapo, na amwagize dalali wake bei ya chini kabisa atakayokubali. Njia nyingine, isiyo na ada ya kuuza, ni kuacha kununua hisa zaidi: magawio na akiba mpya za kila mwezi zielekezwe katika hatifungani au mfuko wa uwekezaji wa pamoja mpaka mizani irudi. Kwa mwekezaji mdogo, mara nyingi hiyo pekee inatosha.

Vikundi vya akiba vijihadhari zaidi

Hisa nyingi za watu wa kipato cha kawaida zinamilikiwa kupitia vikundi vya uwekezaji na vyama vya akiba na mikopo. Huko tatizo lina sura ya pekee: kila mwanachama ana tarehe yake. Mmoja anataka fedha kwa ajili ya matibabu, mwingine anahama, wa tatu anaona kikundi kikose subira gani wakati hisa bado zinapanda. Soko likishuka, maombi ya kujitoa huja kwa pamoja, na wanaotangulia kuchukua hulipwa kwa fedha za wanaobaki.

Inafaa kikundi kikubaliane wakati wa neema, kwa maandishi na katika mkutano wa wote, mambo matatu: kiwango cha juu cha hisa katika mkoba wa kikundi, siku moja au mbili kwa mwaka za kusawazisha, na akiba ya fedha taslimu itakayowalipa wanaojitoa bila kuuza hisa kwa haraka. Mweka hazina mwenye kanuni mkononi halazimiki kubishana na hofu wala tamaa ya wanachama siku bei zinapoyumba.

Dalili za soko lililokomaa

Hakuna dalili inayotaja siku ya kilele, lakini zipo zinazodai tahadhari. Bei zinapanda haraka kuliko faida za kampuni. Watu wanakopa ili wanunue. Mazungumzo ya hisa yanahusu bei ya jana na kesho, na hakuna anayeuliza kampuni inapata fedha zake wapi. Kampuni nyingi zinajitokeza kuuza hisa kwa wakati mmoja. Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji: wanunuzi wanaposhangilia kila kinacholetwa, ubora wa kinacholetwa hushuka.

Kipindi hiki pia huwavuta matapeli. Wanaoahidi faida ya uhakika ya kila mwezi, au kumtaka mtu atume fedha kwa simu ili "anunuliwe hisa", si madalali. Hisa za kweli husajiliwa kwa jina la mwenyewe katika akaunti yake ya hifadhi ya SCD, na dalali halali ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Mambo hayo mawili yathibitishwe kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Pa kuanzia

Mwenye hisa anaweza kuanza kwa karatasi moja. Aandike kila alicho nacho na thamani yake ya leo, kisha ahesabu hisa ni asilimia ngapi ya jumla, na kampuni moja ni asilimia ngapi ya hisa hizo. Pembeni aandike tarehe ambazo atahitaji fedha katika miaka mitatu ijayo. Kama kuna mkopo uliochukuliwa kununulia hisa, huo ndio wa kumalizwa kwanza, kwa kuwa bei zikishuka deni halishuki pamoja nazo.

Akimaliza, ajiulize swali moja: hisa zangu zikipoteza nusu ya thamani mwaka huu, ni lipi kati ya mambo haya litakwama? Kama jibu ni karo au kiwanja, kuna hisa za kuuza sasa, wakati wanunuzi bado wapo. Kama hakuna litakalokwama, anaweza kuziacha ziendelee, soko likipanda au likishuka.

Maelezo haya ni ya jumla. Anayekabiliwa na uamuzi mkubwa azungumze na mshauri mwenye leseni, akiwa na karatasi hiyo mkononi.